Ngitili: Shinyanga Ilivyoupoteza Msitu Wake na Ilivyourudisha

Anayetaka kumjua aliyeukata msitu wa Shinyanga aanze na ng'ombe waliokufa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliteremka kutoka Pembe ya Afrika, ukapita katika malisho ya Wasukuma na kuacha mizoga. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki inakadiriwa kwamba ng'ombe tisa kati ya kila kumi walikufa. Nyuma ya sotoka zikaja ndui, njaa na Wajerumani. Mashamba yakaachwa. Makundi yaliyokuwa yakila majani na kukanyaga vichipukizi yakatoweka, na vichaka vikafunga ardhi ambayo vizazi vya wafugaji vilikuwa vimeifungua. Ndani ya vichaka hivyo akaingia mbung'o.

Mwanahistoria Helge Kjekshus aliandika habari hizi kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1977, akitetea hoja kwamba kabla ya ukoloni watu wa bara walikuwa wameyatawala mazingira yao, na kwamba pori lililowatisha Wazungu waliofika baadaye kwa kiasi kikubwa lilikuwa zao la maafa ya muda mfupi. Wako wanaompinga katika mengi. Lakini kwa Shinyanga hoja yake inafaa kukumbukwa, kwa sababu ripoti nyingi za miradi huanza na msitu mnene kana kwamba ulikuwapo tangu kuumbwa dunia, kisha mkulima akatokea na shoka. Mambo hayakuwa rahisi hivyo. Ipo miti iliyokuwa ya kale, migunga ya mbugani na miombo ya upande wa Kahama, na ipo iliyoota juu ya maboma ya watu waliokufa au kuhama.

Waingereza walipoichukua Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walimkuta mbung'o akizidi kusogea. Malale anayoieneza iliwatisha watu, na nagana, ugonjwa wake wa mifugo, iliwamaliza ng'ombe waliokuwa wameanza kuzaana upya. Kazi ya kupambana na inzi huyo ikamwangukia Charles Swynnerton, mtaalamu wa viumbe aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori, ambaye baadaye aliongoza idara ya utafiti wa mbung'o iliyokuwa na makao yake Old Shinyanga. Moja ya jamii za mbung'o imepewa jina lake, *Glossina swynnertoni*, na hao ndio waliokuwa wakiisumbua nchi ya Wasukuma.

Swynnerton alikuwa na silaha mbili, moto na shoka. Kuhusu moto, alitaka majani yasichomwe ovyo mwanzoni mwa kiangazi, bali yaachwe yakauke kabisa, kisha yawashwe kwa pamoja mwishoni mwa msimu ili moto uwe mkali na kuteketeza vichaka ambamo mbung'o hujificha. Kuhusu shoka, aliwategemea watemi. Mtemi Makwaia wa Usiha alikuwa mstari wa mbele, na watu wakatoka kwa maelfu, kijiji baada ya kijiji, kufyeka kwa siku walizopangiwa. Walijua wanachokitafuta: malisho ya ng'ombe wao. Kazi hiyo iliendelea miaka ya 1920, 1930 na 1940, hata baada ya Swynnerton mwenyewe kufa katika ajali ya ndege mwaka 1938.

Kwa kipimo cha wakati ule, ulikuwa ushindi. Mbung'o alirudi nyuma, watu wakasambaa, ng'ombe wakaongezeka. Hakuna aliyepanga kutengeneza jangwa.

Kilichofuata ni pamba. Udongo wa Usukuma una majina yake, na wakulima huusoma kuanzia kilimani kushuka bondeni: luseni, mchanga mwepesi wa juu karibu na majabali, itogolo, tambarare ngumu ya katikati inayopasua jembe, na mbuga yenyewe, udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunasa magurudumu ya mkokoteni wakati wa masika. Mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyefanya kazi Afrika Mashariki katika miaka ya 1930, aliueleza ulimwengu wa sayansi jinsi aina za udongo zinavyopangana hivyo kutoka juu hadi chini. Mkulima wa Shinyanga alikwisha kuupa kila mmoja matumizi yake. Pamba na mahindi vilipohitaji nafasi zaidi, majembe ya kukokotwa na maksai yalishuka kutoka luseni kwenda katika ardhi iliyokuwa ya malisho, na malisho yakasukumwa mbele kwenye miti iliyobaki.

Serikali ya kikoloni iliona mmomonyoko ukianza na ikajibu kwa amri. Mpango wa Maendeleo wa Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuendeshwa kutoka Malya, uliweka sheria juu ya sheria: kupunguza mifugo, kulima matuta ya kuzuia maji, kuhamia Geita kulikokuwa na nafasi, kulipa kodi ya ng'ombe. Baadhi ya ushauri wake ulikuwa sahihi kabisa kwa mtaalamu wa udongo. Kwa Msukuma aliyetakiwa kuuza ng'ombe wake kwa amri ya ofisa, ulikuwa uonevu. Chama cha TANU kilipata nguvu Usukuma kwa kuzisimamia hasira hizo, kikapigwa marufuku katika eneo hilo kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na mwaka huo wa 1958 Geita ikalipuka kwa maandamano. Sheria nyingi za ardhi zikafa kabla ya uhuru, na neno lenyewe la hifadhi ya udongo likabaki na harufu ya mkoloni kwa miaka mingi.

Wakati wote huo, pembeni mwa mipango ya serikali, ngitili zilikuwapo.

Ngitili ni eneo la malisho ambalo familia au kijiji hulifunga mvua zinapoanza, Novemba au Desemba, na kuliacha lisiguswe hadi kiangazi kinapokolea, Julai au Agosti. Halina uzio. Mipaka yake ni njia ya miguu, kichuguu, mgunga mkubwa, na kumbukumbu ya majirani. Zamani liliwekwa karibu na nyumba kwa ajili ya ndama, ng'ombe wazee na wagonjwa wasioweza kulifuata kundi kwenda mbali. Siku ya kulifungua, mwenye ngitili haingizi kundi zima mara moja. Hutenga sehemu, ng'ombe wakaila hadi iishe, ndipo inafunguliwa nyingine, ili majani makavu yaliyosimama yafike hadi mvua za kwanza. Katika mkoa unaopata mvua ya wastani wa milimita 700 hivi kwa mwaka, yote ikija katika msimu mmoja, hesabu hiyo ya vipande ndiyo inayoamua kama maksai watakuwa na nguvu ya kuvuta jembe Novemba.

Miti ndani ya ngitili haikupandwa na mtu. Ilichipua kwa sababu kwa miezi saba hadi tisa hakuna mdomo wa mbuzi uliopita hapo.

Utaratibu huu ulisimama juu ya vitu viwili: mtu kuishi karibu na ngitili yake, na kuwapo mamlaka ya kumwadhibu anayeivunja. Vyote viwili viliondolewa ndani ya miaka kumi na michache. Mwaka 1963 serikali huru ilifuta mamlaka ya watemi. Kisha mwaka 1974 ikaja Operesheni Vijiji. Kaya za Kisukuma, zilizokuwa zimetawanyika kila moja na eneo lake, zilihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, na ngitili zikabaki kilomita kadhaa nyuma bila mlinzi. Malisho ya kila mtu yakawa malisho ya yeyote aliyefika kwanza. Eneo la kuzunguka vijiji vipya lililiwa, likakanyagwa na kukatwa kuni hadi likabaki wazi. Ujamaa ulikuwa na nia njema za shule, zahanati na maji, na katika hizo ulifanikiwa mahali pengi. Kwa ardhi ya Shinyanga ulikuwa pigo, na haifai kulizungukazunguka jambo hilo.

Pamba nayo haikusimama, mifugo haikupungua, na miti mingine ilikatwa kwa sababu kwelea kwelea walitua humo kabla ya kushuka kwenye mtama. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 mwanamke wa sehemu nyingi za mkoa alikuwa hapiki kwa kuni. Alipika kwa mabua ya pamba na samadi iliyokaushwa, katika jiko la ndani lisilo na dirisha. Samadi iliyopaswa kwenda shambani ikaishia mekoni, na mavuno yakazidi kushuka. Moshi wake uliumiza macho mwaka baada ya mwaka. Imesemwa mara nyingi, na watu wanaoijua Kanda ya Ziwa, kwamba macho mekundu ya vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi yalikuwa kazi ya moshi huo. Wafugaji wenye makundi makubwa waliamua kuondoka. Walishuka na ng'ombe wao kwenda Rukwa, Usangu na hata bonde la Kilombero, na mgogoro wa malisho wa Shinyanga ukawa mgogoro wa Tanzania nzima, ambao magazeti yanauandika hadi leo.

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere aliutembelea mkoa huo na kuuita jangwa la Tanzania. Kauli ya Mwalimu haikupita hivi hivi. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao baadaye ulipata msaada wa Norway. Ulidumu hadi mwaka 2004.

Mfano uliokuwa karibu ulikuwa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, iliyoanza mwaka 1973. Huko Kondoa serikali ilichukua hatua ambayo hakuna mfugaji atakayeisahau: mwaka 1979 mifugo yote iliondolewa katika eneo lililomomonyoka vibaya, kilomita za mraba 1,256. Majani na miti vilirudi, tena haraka. Lakini waliobeba gharama ni wenye ng'ombe, na ulinzi ulitegemea serikali kuendelea kuwafukuza. Shinyanga haikuwezekana kufanya hivyo hata kama mtu angetaka. Nani angewaondoa ng'ombe wa Wasukuma, na awapeleke wapi?

HASHI nayo haikuanza vizuri. Katika miaka ya mwanzo ilifanya kile ambacho karibu kila mradi wa miti barani Afrika umefanya: ilifungua vitalu vikubwa, ikaotesha miche, nyingi ya miti ya kigeni, ikaipakia kwenye malori na kuigawa vijijini. Miche ilikutana na kiangazi cha miezi sita, mchwa, na desturi ya kuachia mifugo mashambani baada ya mavuno. Kijiti kilichopandwa Januari hakikuwa na nafasi mbele ya mbuzi wa Julai. Wataalamu walipokaa na wanavijiji na kuwauliza wanataka nini, jibu lilirudi kwenye ngitili na miti ya asili waliyoijua: migunga ya aina mbalimbali, ya malisho, dawa, nguzo na mkaa.

Hapo ndipo mradi ulipogeuka, na sifa inawafaa maofisa waliokubali kugeuka. Wendelen Mlenge, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa HASHI na aliyeandika kitabu kuhusu ngitili mwaka 2004, na wenzake wa mikoani na wilayani, walikuwa na nguvu na bajeti ya kuendelea kugawa miche. Badala yake walianza kupima na kuchora mipaka ya maeneo ya kufungwa pamoja na wazee, kuonyesha filamu vijijini jioni, kuwachukua wakulima wa kijiji kimoja wakaone ngitili ya kijiji kingine. Chini ya ardhi iliyoonekana tupu mizizi na visiki vilikuwa bado hai. Kilichohitajika ni kuvipumzisha. Baada ya misimu michache ya kufungwa, mahali palipokuwa na vumbi pakawa na vichaka vya kufika kiunoni, na mwanavijiji akawa na kazi mpya ya kupunguza matawi ili shina moja likue.

Nani alilinda? Swali hili ndilo lililoua mipango ya mkoloni, na Shinyanga ilikuwa na jibu ambalo hakuna mfadhili aliyelileta. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na silaha zilizobaki baada ya vita vya Kagera zikaenea, Wasukuma na Wanyamwezi waliunda sungusungu, walinzi wa jadi wenye pinde, mishale na filimbi. Serikali iliwakubali, kwa shingo upande mwanzoni. Kando yao ilikuwapo dagashida, mkutano mkuu wa jamii unaotunga kanuni na kusikiliza mashauri. Anayepeleka ng'ombe katika ngitili iliyofungwa aliitwa mbele ya dagashida na kutozwa mchenya, faini ambayo ingeweza kulipwa kwa fedha au kwa mnyama. Aliyekataa alijikuta ametengwa: hakuna wa kumsaidia kulima, hakuna wa kumzikia. Faini ya mahakama mtu anaweza kuikatia rufaa, ila kutengwa na majirani Usukuma hakuna pa kukukatia. Kisha vijiji vikaziandika kanuni hizo kuwa sheria ndogo, ili mgambo na hakimu nao wazitambue.

Takwimu zilizofuata zimenukuliwa sana, na zinastahili. Mradi ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimerekodiwa mkoani zilikuwa na hekta zipatazo 600 tu. Uchunguzi uliofanywa baadaye katika vijiji 172 vya mfano ulikuta ngitili 18,607, kati ya hizo 284 tu zikiwa za jumuiya na zilizobaki zote za kaya, kwa jumla hekta 78,122. Kwa kukadiria vijiji vyote 833 vya mkoa wa wakati ule, hekta zilizorudi zilizidi 350,000. Kikosi kilichoongozwa na Profesa Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichapisha mwaka 2005 hesabu ya thamani ya yale yanayotoka katika maeneo hayo: dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya wastani ya mtu wa kijijini Tanzania yalikuwa dola 8.50. Watafiti waliorodhesha aina 152 za miti, vichaka na mimea inayotambaa, na aina 145 za ndege. Asilimia 64 ya kaya walizozihoji zilisema maisha yao yamekuwa bora kwa sababu ya ngitili.

Ila takwimu inayowagusa zaidi wanaoishi huko ni ya saa. Kutafuta kuni kulipungua kwa saa 2 hadi 6, maji kwa saa 1 hadi 2, majani ya mifugo kwa saa 3 hadi 6. Saa hizo zilikuwa za wanawake na watoto.

Ngitili peke yake isingelisha mkoa. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 na kuendelea, Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Kilimo Mseto, ICRAF, chenye makao Nairobi, kilifanya kazi na serikali ya Tanzania mkoani humo, na watafiti wake, akiwamo Robert Otsyina, wakajaribu miti ndani ya mashamba yenyewe. Majaribio ya Lubaga, nje kidogo ya mji wa Shinyanga, yalitoa kile wanachokiita shamba la miti la mzunguko. Mkulima hupanda miti kwa nafasi pamoja na mahindi. Miaka miwili au mitatu ya kwanza, miti ikiwa midogo, anavuna mahindi karibu kama kawaida, na palizi ya mahindi ndiyo palizi ya miti. Kivuli kinapozidi anaacha kulima, na chini ya miti majani yanaota ya kulishia. Mwaka wa tano hivi anakata: nguzo, kuni, fito. Kisha analima tena mahindi katikati ya visiki, juu ya udongo uliolimbikiza majani yaliyooza na, kwa miti ya jamii ya mikunde kama mgunga na lusina, naitrojeni ambayo vijidudu vya mizizini huivuna kutoka hewani. Visiki vyenyewe vinachipua tena.

Uzuri wa mfumo huo ni kwamba haumwombi mkulima asubiri miaka mitano akiwa na njaa. Ubaya wake ni kwamba unahitaji ardhi ya kutosha na mbuzi waliofungwa. Kaya yenye ekari mbili haiwezi kuipumzisha ekari moja. Kwa hiyo ulishika zaidi kwa wenye nafasi, na wengine wakachukua vipande vyake tu: mstari wa lusina mpakani kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa, miti michache ya kuni nyuma ya nyumba, mgunga uliojiotea katikati ya shamba na kuachwa kwa makusudi. Kitaalamu vyote hivyo ni kilimo mseto, hata kama haviingii katika picha za kipeperushi.

Si kila kitu kilikuwa sawa. Fedha za ngitili za jumuiya zilijenga madarasa na kulipa walimu katika baadhi ya vijiji, lakini ngitili za kaya, ambazo ndizo nyingi, zilimfaidi mwenye ardhi na mwenye ng'ombe kuliko asiye navyo. Tajiri angeweza kulifunga eneo ambalo jirani yake maskini alikuwa akiokota kuni. Maamuzi yalikaa mikononi mwa wanaume, ingawa aliyepunguziwa safari alikuwa mwanamke. Msitu ulirudi pamoja na fisi na ndege waharibifu. Kikosi cha Profesa Monela kilikadiria hasara ya wanyamapori kuwa dola 65 kwa familia kwa mwaka. Ni fedha nyingi kwa kaya ya kijijini. Hata hivyo, kwa hesabu yao, faida ilikuwa kubwa kuliko hasara, na watu walionyesha wanaamini hivyo kwa kuendelea kufunga maeneo baada ya mradi kwisha.

Kwa maana mradi ulikwisha. Mwaka 2002 HASHI ilipewa tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, na miaka miwili baadaye fedha za wafadhili zikafika mwisho. Ofisi zake Shinyanga zikawa kituo cha misitu ya asili na kilimo mseto, NAFRAC. Mwaka 2012 mkoa wenyewe uligawanywa: Bariadi, Maswa na Meatu zikaenda Simiyu, Bukombe ikaenda Geita. Kwa hiyo ukisoma leo kwamba Shinyanga ilirudisha hekta 350,000, kumbuka ni Shinyanga ya zamani, iliyokuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50,000. Baadhi ya ngitili hizo sasa ziko katika mikoa mingine, chini ya maofisa waliokuwa shuleni HASHI ilipofungwa.

Mfano wa Shinyanga ulisafiri. Katika mikutano ya kimataifa kuhusu kurudisha misitu, Shinyanga hutajwa pamoja na Niger, ambako wakulima walilea visiki vilivyo mashambani mwao kuanzia miaka ya 1980. Dodoma, shirika la LEAD Foundation limekuwa likifundisha wakulima njia hiyo hiyo tangu mwaka 2018 chini ya jina la Kisiki Hai, na Wagogo wengi wameipokea, labda kwa sababu haiuzi kitu. Serikali ya Tanzania nayo, kupitia mpango wa Afrika wa kurudisha mandhari uitwao AFR100, iliahidi mwaka 2018 kurudisha hekta milioni 5.2 ifikapo 2030. Ahadi kubwa huvuta vitalu vikubwa. Mtu anaogopa kuona malori ya miche yakirudi barabarani kwenda kule kule yalikokwenda miaka arobaini iliyopita.

Shinikizo jingine ni jipya zaidi. Ardhi ya Usukuma sasa ina bei. Watoto hurithi ngitili ya baba na kuigawa vipande ambavyo havitoshi hata ndama wawili. Wengine hukodisha malisho kwa fedha za kulipa ada ya shule, au huuza miti kwa mchoma mkaa anayelipa papo hapo. Mpango wa hewa ukaa ulijaribiwa na shirika la TaTEDO mkoani humo kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 2010, ili ngitili iliyosimama iwe na bei kama iliyokatwa, lakini ulikuwa jaribio tu, na majaribio huondoka na wafadhili wake.

Jambo moja linaweza kufanywa bila mfadhili. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakiruhusu kijiji kutoa hati ya hakimiliki ya kimila, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji. Ngitili ambazo bado zinashikiliwa kwa mila tu, kwa kichuguu na mgunga wa mpakani, ziko hatarini kila anapofariki mzee aliyejua kichuguu ni kipi. Halmashauri za vijiji vya Shinyanga, Simiyu na Geita zikae na wazee hao sasa, zipite nao mipakani kwa miguu, ziandike, na zihakikishe majina ya wake na wajane yanaingia kwenye hati pamoja na ya waume zao.